WAKONGWE NA ULINZI WA KIKAPU

Wapenzi wa mpira wa kikapu hubishana: mchezaji mkongwe, ambaye magoti yake yamekwisha kuchoka, aweza kumfundisha kijana kulinda? Sisi twasema aweza, mradi awemo uwanjani pamoja naye.

Kufunga, mtu aweza kujizoeza peke yake tangu asubuhi hata jioni. Kulinda sivyo. Lazima awepo mshambuliaji mbele, na nyuma awepo wa kupaza sauti: "Kulia! Rudi! Huyo niachie mimi!" Kijana huukimbilia mpira, mkongwe hutazama kiuno cha mpinzani, akatangulia kufika. Maarifa hayo hayaandikiki ubaoni.

Bill Russell wa Boston Celtics, Marekani, alikuwa mchezaji na mwalimu wa timu kwa wakati mmoja tangu 1966 hata 1969, na timu ikatwaa ubingwa wa 1968 na wa 1969, yeye akiwa na miaka 35. John Thompson, aliyekuwa akimpokea nafasi uwanjani miaka ya nyuma, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Mikononi mwake akapita Dikembe Mutombo wa Kongo, ambaye baadaye alikuwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na NBA mwaka 2009, alijulikana kwanza kwa kuzuia mitupo, si kwa kufunga.

Pale Iyunga, Mbeya, jambo hili ni zito zaidi. Vijana wa shule ya sekondari na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hukaa miaka michache, kisha huondoka na ujuzi wao, na timu huanza upya. Wanaobaki ni wakongwe wenye kazi zao mjini.

Hatusemi kila mkongwe afaa. Yuko ambaye hata enzi zake hakurudi nyuma kulinda, akangoja mpira mbele. Huyo ana hadithi nyingi, na jukwaani zitasikilizwa.

Wengine twawaomba walimu wa michezo wa Iyunga wawaite, jioni mbili kwa juma. Wasipewe filimbi, bali jezi. Na katika mazoezi hayo, pointi zihesabiwe kwa mipira iliyozuiwa.