Amepona? Nani Amesema?

Wasee, tuna tabia ya kusherehekea mapema. Mtu anafanyiwa upasuaji wa kansa ya kibofu, anatoka hospitali, status zinajaa "Mungu ametenda", grupu ya mchango inafungwa, kwisha. Anko wangu wa Molo tulimfanyia hivyo hivyo. Mbuzi ilichinjwa. Mimi mwenyewe nilipost video na ikafanya poa sana.

Sasa skizeni. Niliacha chuo mwaka wa pili, mimi si daktari, lakini hii haihitaji digrii. Kansa ya kibofu hupenda kurudi. Hata ikitolewa yote inaweza kuota tena humo humo, na haiumi. Ndio maana lazima uchunguzwe kwa kamera ndogo inayopitishwa njia ya mkojo. Kama ni ile kali, ni kila miezi mitatu kwa miaka miwili, halafu kila miezi sita hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Piga hesabu: kamera kama 14 kwa miaka mitano!

Anko alienda mbili.

Nauli ya Molo hadi Nakuru, siku nzima ya kazi ya viazi imepotea, na alikuwa anajisikia sawa. Pia aibu, tusidanganyane. Mzee gani ataambia watoto amepigwa kamera huko chini? Tarehe ya tatu iliandikwa kwa daftari la shule, lile unaambiwa ununue hapo nje ya geti. Daftari likanyeshewa. Hakuna mtu wa hospitali alipiga simu. Hakuna mtu wa familia aliuliza. Lakini apu ya mkopo ilimkumbusha deni la shilingi 300 kila asubuhi, mpaka ikanipigia mimi!

Kwa hivyo msiniambie kukumbusha watu ni teknolojia ngumu.

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tulibishana kuhusu ile 550,000 ya kansa kwa familia kwa mwaka. Sawa, tubishane. Lakini nani aliuliza kuhusu mwaka wa tatu, wa nne? Nakuru tuna kituo cha kansa, tuna mashine ya mionzi, na nashukuru. Mashine hukatiwa utepe. SMS ya "njoo Jumanne, usisahau" hakuna mwanasiasa ataikatia utepe. Kaunti iweke rejista ya hawa wagonjwa na mtu mmoja wa kuwapigia simu. Mmoja tu, manze.

Na wewe unayesema serikali, serikali: mzazi wako tarehe yake ni lini? Bado anavuta sigara? Kwa sababu sigara ndio chanzo kikubwa cha hii kitu.

Anko alikojoa damu tena mwezi wa nne. Wamemfanyia upasuaji wa pili. Kamera ijayo iko kwa kalenda ya simu yangu, na nauli nimetuma. Grupu nimeifungua tena.

Watu 11 wametoka. Nimewaona.