Uraibu Usioingia Kinywani

Neno uraibu lina historia ndefu. Kwa wenyeji wa Pwani, uraibu ulikuwa mchanganyiko wa tambuu, popoo na chokaa unaotafunwa. Baadaye neno hilo likapanuka kimaana, likabeba tumbaku, miraa na dawa za kulevya. Katika hali zote hizi kuna kitu kinachoingia mwilini. Je, ni haki kumwita mraibu kijana ambaye hakutafuna wala kuvuta chochote, ila amekesha akicheza kamari kwenye simu? Wapo wanaokanusha. Kwao, huyo ni mtu wa tamaa tu, na dawa yake ni mahubiri. Msimamo huu haufai kwa kuwa unamhukumu mchezaji bila kuuchunguza mchezo.

Katikati ya karne ya 20, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza njiwa waliodona kitufe ili wapate punje. Njiwa aliyezoea kupata punje kila alipodona huacha upesi punje zinapokoma. Yule aliyekuwa akipata na kukosa bila mpango unaotabirika huendelea kudona kwa muda mrefu, hata pasipo na chochote. Wacheza karata wa mitaani waliuita mchezo wao pata potea, na jina hilo lilikwisha kulieleza jambo lenyewe: nafsi haifungwi na kupata pekee, bali na kupata kulikochanganywa na kukosa.

Aidha, mchezaji hudanganywa na hesabu yake mwenyewe. Aliyebashiri mechi tano akapatia nne hajioni ameshindwa, hujiona amekaribia. Huko Monte Carlo mwaka 1913, mpira wa gurudumu la kamari ulitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kuweka dau kwenye nyekundu, wakiamini kuwa zamu yake imefika, wakapoteza fedha nyingi. Gurudumu halina kumbukumbu. Kosa hilo ni ndugu wa lile la mwanafunzi anayeweka karo ya muhula ili arudishe alichopoteza jana. Bandu bandu huisha gogo.

Michezo ya video nayo imeiga mbinu hizo. Katika baadhi yake, mchezaji hununua kasha asilojua kilichomo. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya aina hiyo katika michezo kadhaa ni kamari. Shirika la Afya Duniani nalo limeuorodhesha uraibu wa michezo hii miongoni mwa maradhi, katika mwongozo ulioanza kutumika mwaka 2022. Hata hivyo, si kila achezaye ni mraibu. Dalili ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote na kuendelea hata madhara yanapoonekana.

Huenda mtu akauliza: je, mtu mzima hana hiari? Anayo, lakini hiari huhitaji nafasi ya kutafakari. Sheria ya kamari ya Kenya ya mwaka 1966 ilitungwa wakati mchezaji alilazimika kufunga safari hadi penye mchezo, na safari hiyo ilimpa fursa ya kughairi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pochi imehamia kwenye simu. Kamari nayo ikafuata. Sheria mpya ya mwaka 2025 ni hatua ya kupongezwa, ila sheria haiketi na mwanafunzi chumbani usiku wa manane.

Anayeketi naye ni mwenzake. Ndiyo maana vyuo vikuu havina budi kuifanya kamari kuwa suala la ushauri nasaha kabla haijawa suala la nidhamu, na wanafunzi hawana budi kuacha kumcheka mwenzao aliyeliwa. Anayechekwa hujificha, na anayejificha hucheza zaidi. Kiswahili kimekwisha kulipanua neno uraibu. Iliyobaki ni huruma ya wasemaji wake kupanuka kwa kiasi hicho hicho.