Leteni Filamu Kaplong

Kila baada ya miezi michache, kuna mtu Nairobi huamka na kututangazia kwamba Wakenya hawapendi filamu za Kenya. Wenzake wanaitikia. Wanahesabu viti vilivyobaki tupu, kisha lawama yote inamwangukia mtazamaji: ni mshamba, amezoea vya Marekani, anataka vya bure. Basi mtazamaji huyo ni mimi. Naishi Kaplong, pale barabara ya Bomet inapokutana na ile ya kutoka Kericho kwenda Sotik na Kisii, na leo nataka kujibu.

Ukumbi wa sinema hapa hakuna. Hospitali ya misheni tunayo, shule tunazo, mama wa ndizi wapo stejini tangu alfajiri, na ukitaka mtu wa kukutengenezea simu utachagua hadi uchoke. Lakini filamu inayoonyeshwa Nairobi iko zaidi ya kilomita 200 kutoka kwangu. Nikihesabu nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, tiketi na bisi, nimemaliza pesa ya mbolea. Sasa kiti changu kikikaa tupu, nani hajafika kwa mwenzake?

Na kutazama tunatazama, tena sana. Unapeleka flashi kwa kijana wa duka la muvi, anakujazia kwa shilingi chache, unaenda zako. Jumapili jioni kibanda cha vidio kinajaa hadi watu wanasimama mlangoni, na sauti inayotoka mle ndani ni ya DJ Afro. Najua wengi wenu mnamcheka. Mnasema anaharibu filamu za watu kwa porojo. Mimi nasema hakuna mtu katika nchi hii aliyewafunza watu wengi kutazama filamu kumshinda yeye. Anachukua sinema ya Kihindi au ya kung fu, anaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, na mara bodaboda, mchuna chai na mtoto wa darasa la tano wanafuata stori moja bila mtu kuachwa nyuma. Stering akifanya upuzi, anasemwa palepale. Jambazi akipiga risasi hamsini zote zikakosa, kibanda kizima kinacheka na DJ anaongezea chumvi. Kama huo si uhakiki, mniambie uhakiki ni nini.

Kinachoniuma ni kwamba watengenezaji wetu wanajua haya yote. Tazama Nairobi Half Life ya 2012, ya David Tosh Gitonga. Mwas anaanza maisha kijijini akiuza sinema za nje, na ili ziuzike anaziigiza mbele ya wateja, sauti na miguu na mikono. Huyo ni mtu wetu kabisa. Tazama Supa Modo ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo anayeumwa ugonjwa usiopona, amelewa filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye stering. Niliitazama kwa simu iliyopasuka kioo na bado nililia. (Ndiyo, nililia. Endeleeni kusoma.)

Filamu hizo mbili, ambazo kwangu ni kati ya bora kabisa tulizo nazo, zinahusu watu wa kibanda cha vidio. Zote zilitengenezwa pamoja na kampuni ya Kijerumani ya One Fine Day Films. Supa Modo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Februari 2018. Sina ugomvi na Wajerumani, pesa zao zimezaa kazi nzuri. Ugomvi wangu ni kwamba walichukua kibanda chetu wakakipeleka Berlin, na hapa kibandani hakuna aliyerudi hata kusema asante. Mimi niliipata kwenye flashi ya mtu, miaka baadaye, na jina la faili lilikuwa limekosewa.

Utaniambia huo ni wizi. Sawa, tuite wizi. Kwa hivyo niuzie. Niuzie kwa bei ya soda, kwa M-Pesa, hapa stejini, uone kama sitalipa. Huwezi kulifunga duka halafu ukalia kwamba wateja hawaji.

Halafu kuna suala la lugha. Mwezi jana nilipata Nawi, filamu ya Turkana iliyopelekwa na Kenya kwenye Oscar mwaka 2024, nikaiweka kwa laptopu ya binamu yangu ili tuitazame na shangazi. Kiturkana hatujui, wote wawili. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na shangazi hakai kusoma vitu vinavyokimbia. Ikabidi niwe DJ Afro wa nyumbani, nikimweleza kwa Kipsigis huyu ni nani na kwa nini analia. Baba alipokubali kumwoza binti aliyefaulu mtihani, ili apewe mbuzi, kondoo na ngamia, shangazi aliniambia nisimamishe. Akakaa kimya. Kisha akaanza kunihadithia ya dada yake, mambo ambayo sijawahi kuyasikia katika ukoo wetu. Tulimaliza filamu saa sita usiku. Kwangu Nawi ina kasoro, kuna mahali inaongea kama ripoti ya wafadhili, lakini usiku ule ilifanya kazi ambayo hakuna tuzo ingeipima. Mngeweka sauti ya Kiswahili, mngewapata akina shangazi elfu ngapi?

Msiniambie haiwezekani. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni walikuwa na mradi wa sinema uliokaa Vugiri, kule Usambara. Walitengeneza filamu, wakapakia projekta kwenye lori, wakazunguka Tanganyika, Kenya na Uganda kwa barabara za udongo, wakiwahubiria watu kuhusu minyoo na kuweka akiba posta. Nia yao ilikuwa ya kibwana na filamu zenyewe nadhani zilichosha. Lakini lori lilifika! Leo projekta inaingia kwenye begi la mgongoni na barabara ya kufika hapa ni ya lami.

Na mkija, mje pia na macho. Chai yetu kwenye skrini huwa inapigwa kutoka angani, kijani kibichi, na mchunaji ni kidoa tu cha rangi. Kamera ikishuka chini ni mgeni ameishika. Februari 2023 BBC ilitoa filamu ya uchunguzi kuhusu wanawake wa mashamba makubwa ya Kericho wanaodaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi. Huku tuliitazama vipande vipande kwenye WhatsApp, na kuna watu walizima simu katikati kwa sababu waliyoyaona waliyajua. Mei mwaka huohuo waandamanaji walichoma mashine za kuchuna chai, wakisema zinawanyang'anya riziki. Hiyo si filamu? Bonasi ya upande wetu kuwa chini kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na mzee anarudi nyumbani na kikaratasi mfukoni asijue atamwambia nini mtoto wa Fomu Three, hiyo nayo si filamu? Lakini nyinyi bado mnaandika ya wapenzi wa Kilimani wanaogombana jikoni.

Oktoba, wiki ya bonasi, Kaplong hujaa. Njooni Jumamosi na projekta, spika mbili na Supa Modo yenye sauti ya Kiswahili. Ukuta tunao, stima tutaunganisha kwa jirani, na kiingilio tutalipa shilingi 50. Mkikuta viti tupu, rudini Nairobi mkaandike mtakavyo.