Ukibadili Neno, Hesabu Upya

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili sekondari, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi alilokusudia kulipeleka mashindanoni. Nilihesabu mizani zote, nikaridhika. Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, nilifuta neno "mwana" nikaandika "mtoto", nikidhani linaeleweka zaidi. Sikuhesabu tena. "Mwana" ni mizani mbili, "mtoto" ni tatu. Kipande cha mizani nane kikawa na tisa, na shairi likarudi na neno moja la wino mwekundu: guni. Aliyeaibika ni yule kijana. Aliyekosea ni mimi.

Kosa langu lilikuwa kuamini hesabu ya jana juu ya maneno ya leo. Waunda programu za kompyuta wanalijua vyema. Huko Marekani, katika maabara ya Bell Labs, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akisaka hitilafu katika programu iliyokwisha kurekebishwa. Faili lililorekebishwa lilikuwa halijageuzwa upya kuwa lugha ya mashine, hivyo kompyuta ikawa bado inaendesha lile la zamani. Malalamiko yake yalimsukuma mwenzake, Stuart Feldman, kuunda programu iitwayo Make mwaka 1976. Ukiiamuru, hulinganisha wakati chanzo kilipobadilishwa na wakati zao lake lilipotengenezwa. Chanzo kikiwa kipya kuliko zao, kazi hurudiwa, yasiyoguswa huachwa. Majedwali ya kompyuta hayangoji hata amri: badili tarakimu moja, na jumla hubadilika papo hapo.

Wapo wenzetu wanaoona kwamba kuiachia mashine hesabu ya mizani ni kuidhalilisha fani. Sikubaliani nao. Kuhesabu upya kila neno linapobadilika ni kazi ya ukarani, na karani asiyechoka wala kusahau anastahili kukaribishwa. Ningekuwa naye siku ile, kijana wangu asingeaibika.

Hata hivyo, karani huyo hutibu usahaulifu, hatibu ujinga. Mpe neno "mbuni" alihesabu. Akikusudiwa ndege, ni mizani mbili: mbu-ni. Ukikusudiwa mti wa kahawa, ni tatu: m-bu-ni. Programu isiyofundishwa tofauti hiyo italirudia kosa lilelile mara mia, na mshairi ataridhika kwa sababu tu hesabu imefanywa sasa hivi. Hesabu mpya si lazima iwe hesabu sahihi.

Kwa hiyo, washairi wenzangu, mashine na ihesabu upya kila tubadilipo neno. Nasi, kabla ya kulitoa shairi mikononi, tuusome ubeti mzima kwa sauti, tangu neno la kwanza, hata kama tulichobadili ni neno moja tu.