Upepo wa Kusi na Dagaa wa Karema

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa wananchi wa Karema na Ikola, mkoani Katavi, na kwa walaji wa Mpanda, miezi hiyo haikuwa rahisi. Hata hivyo, twaamini hatua hiyo ilikuwa ya busara. Linalotupasa kulitafakari ni kama kuzuia nyavu peke yake kwatosha.

Fizikia ya maji yatufundisha kwamba ziwa hilo, lenye kina cha mita 1,470, lina matabaka. Juu ni maji ya vuguvugu na mepesi; chini ni maji yaliyopoa, mazito, yasiyo na oksijeni lakini yenye rutuba. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini hupanda upande wa kusini. Ndipo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, vidudu vya majini huila, na dagaa huvila vidudu hivyo.

Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto huzidi kuwa mepesi, na upepo ule ule hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walikadiria katika jarida la Nature kwamba ustawi wa mimea hiyo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaujua upepo wa kusi, na wanajua maana ya kufunga. Wavuvi wa pweza wa Kisiwa Panza, Pemba, hufunga sehemu ya mwamba wao, kisha huiona faida wenyewe siku ya kufungua. Mvuvi wa Karema hawezi kuyaona matabaka yaliyo chini ya mtumbwi wake. Akirudi ziwani na kukosa samaki, asipoelezwa sababu, atasema alifungiwa bure.

Kwa hiyo twawashauri viongozi wahakikishe kuwa joto la maji na nguvu ya upepo vinapimwa mwaka mzima katika mwambao wa Katavi, na kwamba TAFIRI inayaeleza matokeo katika mikutano ya vijiji kabla ya kila kipindi cha kufunga. Sheria yaweza kumzuia mvuvi, wala haiwezi kuuamuru upepo. Mwananchi anayeombwa kujinyima ana haki ya kuelezwa yote mawili.