Neno "Kipimo" na Taaluma ya Mawingu ya Baina ya Nyota

Mijadala ya uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili imezoea kuhesabu maneno yasiyokuwepo. Ni nadra kujadiliwa tatizo la kinyume, yaani neno lililopo ambalo limebebeshwa dhana nyingi mno. Katika taaluma ya maumbo ya fraktali neno hilo ni "kipimo". Hutaja kifaa cha kupimia, kizio, tokeo la kupima, na pia namna umbo linavyojaza nafasi: mstari 1, eneo 2, mjao 3. Fundi cherehani hadhuriki na utata huu, kwani muktadha humwokoa. Mwanafizikia haokoki.

Uchukuliwe mwambao wa Ziwa Viktoria kutoka Bukoba hadi Muleba. Rubani huuona kama mstari uliopinda kidogo. Mvuvi anayekwenda kwa mtumbwi kutoka mwalo hadi mwalo huzunguka kila rasi. Atembeaye kwa miguu huingia katika kila hori. Kila mmoja atatoa urefu wake, na hakuna aliyekosea. Benoit Mandelbrot aliuliza swali la namna hiyo mwaka 1967 kuhusu mwambao wa Uingereza, akaonyesha kuwa jibu hutegemea urefu wa rula. Mwambao wenye dimensheni 1.35, kwa mfano, hurefuka takriban mara 2.2 kila rula inapofupishwa mara 10. Urefu hubadilika, kisichobadilika ni uwiano huo, na ndio unaostahili jina.

Mawingu hupimwa kwa njia iliyo jirani na hiyo: mzingo wa wingu hulinganishwa na eneo lake. Kwa maumbo ya kawaida, eneo likikua mara 100, mzingo hukua mara 10. Mwaka 1982 Shaun Lovejoy alionyesha kwamba mawingu na maeneo ya mvua hapa duniani hayafuati kanuni hiyo; dimensheni ya mizingo yake ni 1.35 hivi, maana yake mzingo hukua mara 22. Wakazi wa Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2,000 kwa sababu ya ziwa, wanayajua mawingu hayo vya kutosha. Mwaka 1991 Edith Falgarone na wenzake walipima mizingo ya mawingu ya gesi baina ya nyota, yanayotambuliwa kwa mawimbi ya redio ya kaboni monoksidi, wakapata 1.36.

Ukaribu wa tarakimu hizi hauthibitishi kwamba chanzo ni kimoja, kwani huko angani zimo nguvu za uvutano na za usumaku. Hata hivyo unatosha kuhalalisha neno "wingu" litumike pande zote mbili, na wanaolitilia shaka wangefaa kutafuta hoja nyingine.

Matata huanza mwaka 1996, Bruce Elmegreen na Falgarone walipotoa thamani ya 2.3 hivi. Mwanafunzi anayesoma kwamba "kipimo" cha mawingu ni 1.36, kisha kwamba "kipimo" chake ni 2.3, atadhani wataalamu wanapingana. La hasha. Thamani ya kwanza ni ya mzingo unaoonekana kwenye ramani bapa, ya pili ni ya gesi yenyewe katika nafasi yenye pande tatu; kwa kawaida hutofautiana kwa 1 hivi. Akielezwa tena kwamba "kipimo" hakiwezi kupungua chini ya uwezo wa darubini, hapo kinachosemwa ni rula, na mkanganyiko umetimia.

Inafaa basi kutenganisha: "kipimio" kwa rula au chombo, "kizio" kwa mita na jamaa zake, "tokeo" kwa namba inayopatikana, na "dimensheni" kwa ule uwiano. Watetezi wa asili ya Kibantu watalikataa neno la mwisho. Lakini anayefasiri fraktali kwa kufuata Kilatini, fractus, "kilichovunjika", atapata "umbo-vunjiko", neno linaloeleza sura na kuacha hesabu, ilhali wingu halikuvunjika popote. Mkopo usio na maana nyingine ni nafuu kuliko neno la nyumbani lenye maana nne.

Wanaisimu nao hawamo nje ya jambo hili. Lahaja za Kihaya hupokezana kutoka Kiziba upande wa kaskazini hadi Kihangiro cha Muleba, na mstari unaotenga matamshi mawili ukichorwa kata kwa kata hautalingana na uliochorwa kitongoji kwa kitongoji. Ramani za lahaja hutaja mipaka. Kipimio kilichotumika kuichora hakitajwi.