Haradali yaokoa maji, soko lamwangusha mkulima

WAKULIMA wa haradali kaskazini mwa India wamehimizwa kwa miaka mingi kubana matumizi ya maji. Ushauri huo ni sahihi, lakini hautafika mbali iwapo soko la zao hilo litaachwa liendelee kuyumba.

Haradali hupandwa Oktoba na kuvunwa kuanzia Februari, karibu msimu mmoja na ngano. Ngano humwagiliwa mara nne hadi sita. Haradali hutosheka na mara moja au mbili, mradi maji yafike kwa wakati: kwanza siku 30 hadi 35 tangu kupanda, kabla ya maua, kisha maganda yanapojaza punje. Anayezidisha maji haongezi mavuno, bali hukaribisha ugonjwa wa kuoza shina. Mbinu hizi si siri. Kituo cha utafiti wa zao hilo kipo Bharatpur, katika jimbo la Rajasthan linalotoa karibu nusu ya haradali yote ya India.

Kwa mauzo ya mwaka 2025, serikali ilitangaza bei ya chini ya rupia 5,950 kwa kilo 100 za haradali na rupia 2,425 kwa ngano. Wastani wa mavuno kwa hekta ni takribani tani 1.4 za haradali na tani 3.5 za ngano. Kwa bei hizo, kila zao huingiza kati ya rupia 83,000 na 85,000 kwa hekta. Mapato yanakaribiana, lakini maji ya haradali ni nusu au pungufu.

Mbona basi ngano haiachii mashamba? Ngano ina mnunuzi wa hakika, hasa Punjab na Haryana, ambako maghala ya serikali huchukua sehemu kubwa ya mavuno. Ununuzi wa haradali huwekewa kikomo, kwa kawaida robo ya mavuno. Mwaka 2023 bei sokoni ilishuka chini ya ile iliyotangazwa. Isitoshe, huko Punjab umeme wa pampu za wakulima ni bure, hivyo maji ya kisima hayamo kabisa katika hesabu ya mkulima.

Jambo hili linawagusa pia wafanyabiashara wa Mombasa na Dar es Salaam. India huagiza zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, na hununua mawese Indonesia na Malaysia, masoko yale yale ya Afrika Mashariki. Indonesia ilipozuia mauzo ya nje Aprili 2022, wote waliumia.

Serikali ya India haina budi kununua haradali kwa uhakika ule ule wa ngano. Mkulima akiwa na hakika ya bei, atafunga bomba mwenyewe bila kuhimizwa.